Ufunguo wa Geti Ukae Getini

Wanachuo wenzangu, naomba niulize swali moja. Kama unalala kwenye hizi hosteli za mtaani zenye geti la rimoti, umeme ukikatika saa nane usiku unatokaje?

Usijibu haraka. Mimi nilidhani jibu ninalo. Nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, na likizo iliyopita field yangu niliifanya kwa fundi mmoja wa mageti hapa hapa Dar. Wiki nane nimebeba mota, nimechimba, nimevuta waya, nimeungua vidole kwenye kuchomelea. Kwa hiyo hosteli yetu ilipofungiwa mota mwanzoni mwa semista, mimi ndiye niliyewaeleza wenzangu inavyofanya kazi. Nilijiona mtaalamu kabisa.

Basi usiku wa kuamkia tesiti umeme ukakatika. Joto la Dar mnalijua, feni zimezima, na rumeti wangu ana pumu. Dawa yake ya kuvuta ikawa inatoa upepo tu. Ilipofika kama saa nane akawa anapumua kwa shida, mabega yanapanda na kushuka, hawezi kumaliza sentensi. Tukaita bajaji. Bajaji haikuchelewa, ikasimama nje ya geti taa zinawaka. Sisi tuko ndani. Katikati kuna geti la chuma na mota iliyolala.

Mzee wetu wa getini alibonyeza rimoti mpaka kidole kikachoka. Nikamwambia, "Mzee, nipe ufunguo wa kuachia mota, tulisukume kwa mkono." Akanitazama. "Ufunguo gani, mwanangu?"

Hakuwahi kuambiwa kwamba upo. Tukampigia mama mwenye nyumba, simu ya tatu ndiyo akapokea. "Ninao mimi, wanangu, uko kabatini. Tulieni, umeme si utarudi?" Mama anakaa Kibaha. Sisi tuko Changanyikeni.

Utauliza, mlango mdogo wa kupita watu je? Ulikuwepo. Siku mota ilipofungwa ukachomelewa, eti watu wote wapite sehemu moja, usalama uwe mzuri.

Tukamtoa juu ya ukuta. Tulipanga meza mbili, tukatupia godoro juu ya vile vipande vya chupa vilivyopandwa kwenye zege, na dereva wa bajaji akasogeza chombo chake mpaka ukutani, akasimama juu yake kumpokea. Kwenye zahanati wakamwekea mashine ya mvuke, akatulia. Leo yuko salama na tesiti aliifanya baadaye. Mungu ni mwema. Ila mimi nilibaki na aibu. Wiki nane nimefunga mota kama ile, kifuniko cha kuachia kilikuwa mbele ya macho yangu, na sikuweza kitu.

Sasa hoja yangu. Sina ugomvi na geti la mota. Mlinzi mzee kusukuma geti zito mara hamsini kwa siku si sifa ya kujivunia. Ninachosema ni kwamba geti la mota ni mashine, na mashine inayokaa kwenye njia pekee ya kutokea watu arobaini haiwezi kufungwa kwa kufuata matakwa ya mwenye nyumba peke yake. Sisi tunaolala ndani tuna haki ya kuuliza imefungwaje. Na ili uulize vizuri, lazima ujue kidogo.

Kazi inaanza na geti lenyewe, mota baadaye. Fundi wangu alikuwa na msemo wake: "Mota siyo dawa ya geti bovu." Kabla ya kufungua boksi tulilisukuma geti kwa mkono mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama linakwama, unarekebisha reli, unabadilisha magurudumu, unafagia mchanga. Unahakikisha kuna vizuizi vya chuma kila mwisho ili lisitoke relini likamwangukia mtu. Kisha unamwaga zege la kukalia mota, unaacha likauke, unafunga mota na kuipima kwa pima maji. Halafu yanakuja meno, ule ukanda unaofungwa ubavuni mwa geti ili gia ya mota iukamate. Hapa unaacha nafasi ya milimita 1 hadi 2 kati ya gia na meno, tena unaipima njia nzima. Usipoiacha, uzito wa geti utaikalia gia na mota itakufa mapema.

Waya za umeme mkubwa zinapita kwenye paipu yake, na waya ndogo za sensa kwenye paipu nyingine. Ethi lazima iwepo. Matundu yanazibwa, maana sisimizi na mijusi wanapenda sana joto la bodi, na mjusi mmoja anaweza kuizima. Ndipo unaweka limiti, yaani alama za kuiambia mota isimame wapi, unaifundisha rimoti, unapanga nguvu na muda wa kujifunga. Mwisho unafunga sensa, yale macho mawili yanayotazamana pande mbili za njia. Mtu akikatiza kati yao wakati geti linajifunga, bodi inalisimamisha au kulirudisha.

Hiyo ni kazi kamili. Kazi ninayoiona mtaani ni nusu yake.

Kesho yake baada ya ule usiku nilimwomba mzee tufungue kifuniko tuangalie. Betri hakuna. Sensa hakuna, kwenye sehemu ya kuunganishia sensa kuna kipande cha waya kimewekwa, jampa. Nguvu imepandishwa mpaka mwisho. Na reli imejaa mchanga.

Mambo haya yanafuatana, tazama. Mchanga unafanya geti liwe zito. Geti likiwa zito, bodi inadhani limegonga kitu, linasimama njiani. Mwenye nyumba analalamika. Fundi badala ya kufagia reli anapandisha nguvu. Geti sasa linatembea vizuri, kila mtu anafurahi, ila siku likimkuta mtoto au mtu aliyeinama kuokota simu, halitajua tofauti kati yake na mchanga.

Na jampa? Sensa inashikilia mzunguko uwe umefungwa wakati njia iko wazi. Mtu akipita, au sensa ikiharibika, au waya ukikatika, mzunguko unafunguka na geti linakataa kujifunga. Wahandisi waliibuni hivyo kwa makusudi, ikiwa na shaka isimamishe geti. Kipande cha waya cha shilingi mia kinaiambia bodi kwamba njia ni salama siku zote, hata kama mtu amelala relini.

Nitasema ukweli wangu hapa, maana sipendi kuandika kama mtakatifu. Nikiwa field niliweka jampa kwa mkono wangu. Mteja alisema sensa ni gharama ya bure, fundi akanyamaza, mimi nikaambiwa "weka waya hapo tumalize." Nikaweka. Nyumba ile ina watoto. Nimeipigia simu mara mbili tangu ule usiku kuwashawishi wafunge sensa, na sijui kama wamefunga. Wenzangu wa uhandisi, tukienda field tunapewa logibuku tujaze tulichojifunza. Hakuna ukurasa wa kujaza tulichokifanya huku tukijua si sawa.

Mtu atasema natisha watu kwa kitu kidogo. Uingereza, mwaka 2010, watoto wawili wa kike walikufa kwa kubanwa na mageti ya umeme ndani ya siku chache, mmoja Manchester na mwingine Bridgend. Kwa yule wa Bridgend, kampuni iliyofunga geti na iliyokuwa ikilitunza zote zilifikishwa mahakamani na kupigwa faini. Huko kuna kiwango kinachoitwa EN 12453. Kinasema geti likimgonga mtu kwenye upenyo wa kati ya sentimita 5 na 50, nguvu isizidi niutoni 400, sawa na kuelemewa na kilo kama 40, na ndani ya robo tatu ya sekunde iwe imeshuka chini ya niutoni 150. Kama nchi yenye wakaguzi na viwango imezika watoto, sisi wa jampa tunajiamini nini?

Na kuhusu kufungiwa ndani, hatuhitaji kwenda Ulaya. Machi 2001, Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walikufa bwenini kwa moto. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Nondo ziliwekwa kwa ajili ya usalama. Mlango wetu mdogo nao ulichomelewa kwa ajili ya usalama. Tukiita 114, gari la zimamoto litasimama pale pale iliposimama bajaji.

Niwape haki wenye nyumba, kwa sababu nimekaa na mama yetu tukazungumza. Hoja yake ya kwanza ni wezi. Ufunguo ukiwa kwa mlinzi, mwizi atamkaba aufungue. Ni kweli inawezekana. Lakini mlinzi huyo huyo ana rimoti mfukoni. Mwizi wa kumkaba kwa ajili ya ufunguo atamkaba kwa ajili ya rimoti. Na zamani, geti lilipokuwa la kufuli, ufunguo ulikaa kwa nani? Kwa mlinzi, na hakuna aliyeona ajabu.

Hoja ya pili ni sisi wenyewe, eti wasichana watatoka usiku. Mama, shikamoo, lakini sisi ni watu wazima, tunapiga kura. Tukitaka kutoka usiku tutatoka umeme ukiwepo, kwa rimoti, mbele ya mzee. Anayezuiwa na ufunguo kukaa Kibaha ni mgonjwa tu.

Hoja ya tatu ni gharama, na hii naiheshimu. Ila tuihesabu vizuri. Ufunguo wa kuachia unakuja ndani ya boksi la mota, mara nyingi viwili, bure. Kutoa jampa ni bure. Kufagia reli ni bure. Kupunguza nguvu ni kugeuza bisibisi. Kinachotaka pesa ni sensa na betri, kwa mota zinazokubali betri. Afrika Kusini, ambako mgao wa umeme umewatesa miaka mingi, mota za betri zimekuwa kitu cha kawaida kabisa. Umeme unakatika, geti linafunguka. Bei ya betri hizo ndogo haifiki kodi ya semista ya kitanda kimoja. Na tuko vitanda arobaini.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali ya wanafunzi, na hasa Waziri wa Malazi. Kila mwaka mnatutolea orodha ya hosteli za mtaani mnazozipendekeza. Mnaangalia maji, vyoo, umbali, bei. Ongezeni geti. Mkifika, mwambieni mlinzi: zima umeme, tufungulie. Hesabuni dakika. Kisha washeni, wakati geti linajifunga pitisheni ufagio mbele ya sensa, muone kama linasimama. Ulizeni kama kuna mlango mdogo unaofunguka kutoka ndani bila umeme. Ni jaribio la robo saa na halihitaji digrii. Hosteli ikishindwa, isiingie kwenye orodha mpaka irekebishwe. Wenye nyumba wanaiogopa orodha ile kuliko barua zetu.

Na nyinyi wa mwaka wa kwanza mnaotafuta vyumba, msidanganywe na rimoti. Geti likifunguka lenyewe mbele yako unajiona umefika. Mimi pia nilijiona hivyo. Kabla hujatoa bumu lako, uliza ufunguo uko wapi.

Kwetu sisi, baada ya kupeleka barua yenye sahihi thelathini na moja, mama alileta ufunguo mmoja. Unaning'inia kwenye msumari ndani ya kibanda cha mzee, una kitambaa chekundu ili uonekane gizani. Nilimfundisha mzee mwenyewe: fungua kifuniko, geuza, vuta mkono, sukuma. Mara ya kwanza alihangaika, mara ya tatu akafungua ndani ya dakika moja, akacheka. "Kumbe ni jepesi hivi," akasema. Reli tumeifagia wenyewe.

Sensa bado tunadai. Na mlango mdogo bado umechomelewa. Nimeshaongea na fundi wangu, amesema kuukata ni kazi ya asubuhi moja na atakuja bila malipo. Tunasubiri ruhusa tu.