Hakuna Pointi Zinazopotea

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Kwanza kazi ilizidi, halafu nyumbani tukaingia kwenye kikao kisichokwisha kuhusu fomu moja tu: fomu ya KUCCPS. Kwa wasomaji wa Tanzania, ambao siku hizi mnaomba nafasi chuoni moja kwa moja, KUCCPS ndiyo idara inayowagawa wanafunzi wetu katika vyuo baada ya mtihani wa kidato cha nne. Kabla ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, kazi hiyo ilikuwa ya JAB. Mwanafunzi anaandika kozi na vyuo anavyotaka kwa mpangilio, mashine inatazama alama zake, na baadaye anapata ujumbe wa kumwambia aende wapi.

Mwenye fomu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, kule Kathiani. Alipata B+. Anapenda hesabu, na kompyuta aliipenda tangu likizo ile nilipomwachia kipakatalishi changu kizee akaandika kijiprogramu cha kupanga zamu za kuosha vyombo nyumbani. (Kwa bahati mbaya programu ilikuwa na hitilafu: jina lake halikutokea hata siku moja.) Ni mtoto mtulivu. Darasani hanyoshi mkono. Asipoelewa kitu hungoja watu watoke ndipo amfuate mwalimu. Shule yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo mbinu hiyo ilimfaa miaka yote minne.

Alitaka sayansi ya kompyuta. Dada yangu naye alitaka aandike kozi yenye alama ya juu kabisa anayoweza kuifikia, katika chuo chenye jina, Nairobi. Hoja yake nimeisikia katika kila boma la Ukambani lenye mtoto aliyefaulu: "Usipoteze pointi."

Leo nataka kuisema hiyo hoja, maana naona inawaumiza watoto wengi.

Pointi zenyewe ni hivi. Kila kozi ina kundi lake la masomo manne. Kila somo lina pointi 12 zikizidi, kwa hiyo alama ya kundi hupimwa juu ya 48. Mwanafunzi akifungua tovuti anaona pia alama ya mwisho iliyoingia katika kozi hiyo miaka iliyopita, ile tunayoiita kat-ofu. Ukiwa na 38 na kozi fulani katika chuo fulani ilikatia 31, basi mjomba, jirani na mwalimu mkuu watakwambia kwa sauti moja kwamba unatupa pointi saba. Kana kwamba ni mahindi yamebaki shambani.

Lakini ile alama ni nini? Ni alama ya mtu wa mwisho aliyepata nafasi. Basi. Kozi yenye nafasi 50 na waombaji wengi itakatia juu, na kozi hiyohiyo penye nafasi 200 itakatia chini, hata kama mhadhiri ni mmoja na vitabu ni vilevile. Alama ya kukatia inapima foleni. Kibanda chenye foleni ndefu huenda kina chapati nzuri, na huenda pia ndicho pekee kilicho karibu na steji.

Mwaka 1962 wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi kuhusu namna ya kuwagawa wanafunzi katika vyuo ili asiwepo mwanafunzi na chuo ambao wangependelea kupatana wao kwa wao kuliko walivyopangiwa. Ni hesabu nzuri sana, isomwe na kila mwanaprogramu. Shapley alishiriki tuzo ya Nobel ya uchumi na Alvin Roth mwaka 2012 kwa kazi iliyokua kutoka hapo. Ila hesabu hiyo, na nyingine yoyote ya kugawa watu, huanzia kwenye orodha ya mwanafunzi mwenyewe. Mashine haijui unachotaka. Inajua ulichoandika. Ukiandika alichotaka mama, itakupa alichotaka mama, bila kosa lolote la kiufundi.

Najua kwa sababu ilinipata. Nilifanya KCSE mwaka 2016, ule mwaka wa Matiang'i, ambapo nchi nzima walipata A watu 141 tu. Mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya elfu mbili. Kwa hali ile B+ yangu ilipokelewa nyumbani kama kombe la dunia, mbuzi akachinjwa, na kuanzia siku hiyo mtu wa kunishauri niende chuo kidogo angeonekana mchawi. Nikaandika chuo chenye jina. Sitakitaja, na tafadhali msibahatishe huko kwenye maoni.

Nilikuwa nimetoka shule ya kutwa, darasa la watu 34. Somo la kwanza la programu tulikuwa zaidi ya 300 katika ukumbi, mhadhiri akisema kwa kipaza sauti ambacho kilikatika kila baada ya dakika tano. Maabara ilikuwa na mashine kama 40 na ilifungwa saa kumi na moja jioni. Wikendi ilikuwa kufuli. Wenzangu chumbani walikuja na vipakatalishi vyao na marafiki zao kutoka shule za kitaifa. Mimi nilikuja na blanketi. Hawakunifanyia ubaya wowote, niseme ukweli. Walikuwa tu wanajuana, na mimi sikuwa na sentensi ya kuanzia.

Pointa za C nilijifunzia katika saiba moja mjini, shilingi moja kwa dakika, nikiangalia saa kuliko nilivyoangalia msimbo. (Msimbo nasema, si kodi. Kodi tuwaachie KRA.) Mwaka wa pili nilianguka masomo mawili, nikaenda kufanya sapu, na nyumbani sikumwambia mtu. Kuna wiki tatu sikuhudhuria darasa hata moja. Nililala, nikaamka, nikala mkate, nikalala tena. Nilikuwa na pointi zangu zote, hata moja haikupotea.

Kilichoniokoa hakikuwa kwenye silabasi. Kijana mmoja wa bwenini alikuwa anatengeneza mfumo wa kutuma ujumbe mfupi kila maji yanapokuja, maana maji yalikuja saa tisa za usiku na ukilala huyapati. Akaniuliza kama najua PHP. Sikuijua. Nikasema najua. Tukawa wawili, baadaye watano, tukakesha kwenye chumba kimoja na kipakatalishi kimoja chenye kibonyezo cha E kilichong'oka. Ndani ya miezi minne nilijifunza kuliko mihula mitatu iliyopita. Masomo nayo yakafuata, kwa sababu sasa nilikuwa na mtu wa kumuuliza swali la kijinga saa sita usiku.

Huo ndio msimamo wangu wote: chuo kinachokufaa ni kile utakachopata mtu wa kumuuliza swali la kijinga. Masomo na urafiki watu huvitenganisha kama meza mbili, ya kazi na ya starehe. Katika fani yetu ni meza moja. Hakuna aliyejifunza kuandika programu kwa kusikiliza tu. Unajifunza kwa kukosea mbele ya mtu asiyekucheka.

Rafiki yangu wa shule alipata C+ mwaka huohuo. Akaenda chuo kichanga ambacho nyumbani kwao walikitamka kwa sauti ya chini. Darasa lao lilikuwa la watu 40 hivi. Mhadhiri alimjua kwa jina, akamwachia ufunguo wa maabara siku za Jumamosi. Leo yeye ni mkuu wangu kikazi, ndiye anayekagua msimbo wangu, na hana huruma hata kidogo.

Msinielewe vibaya. Jina la chuo lina faida, na anayekataa anadanganya. Chuo kikubwa cha Nairobi kina wahitimu waliotapakaa katika kila kampuni, na wakati wa kutafuta atachmenti hilo ni jambo la maana. Kuna mikutano ya wanaprogramu ya jioni ambayo ukiwa Machakos unaisoma tu mtandaoni kesho yake. Kuna watoto ambao umati huwapa nguvu. Mdogo wangu ni hivyo, ukimweka na watu 300 anatoka na namba za simu 50. Yeye namshauri aende palepale ambapo mimi nilizama.

Na kukaa karibu na nyumbani si dawa. Hapa kwetu tuna Chuo Kikuu cha Machakos, kilichokuwa chuo kishiriki cha Kenyatta tangu 2011 na kupata hati yake mwaka 2016. Kwa mtoto wa Kathiani ni karibu mno. Hatari yake ni Ijumaa. Ijumaa saa nane unaona vijana na mifuko wakielekea steji, wanaenda kufua, kula na kusaidia shamba. Jumatatu wanarudi. Miaka minne inakwisha hawajawahi kukesha na mtu kwenye kazi isiyo ya mtihani. Nilimwambia mpwa wangu wazi kwamba akienda pale, mama yake atie saini kwamba hatamwita kuvuna maharagwe kabla ya mwezi kwisha. Dada yangu alinitazama kwa jicho ambalo ndugu wadogo wote wanalijua.

Mtu mmoja kikaoni alitaja Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kile cha mtandaoni kilichopewa hati mwaka 2023 na makao yake Konza. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa mtoto mkimya ndiyo suluhisho, hatalazimika kuongea na mtu. Mimi naona ni kinyume. Kwa mtu mwenye kazi, au mama mwenye watoto, hicho chuo ni baraka. Kwa mtoto wa miaka 18 anayeogopa kuuliza, skrini itamsaidia kuogopa vizuri zaidi.

Tahadhari mbili kabla sijasahau. Haya ninayosema yanahusu fani kama yangu, isiyo na bodi inayosimama mlangoni. Kama ni uhandisi, sheria au uuguzi, angalia kwanza kama bodi husika inaitambua kozi hiyo katika chuo hicho. Bodi ya Wahandisi imewahi kukataa wahitimu wa shahada za humuhumu nchini, na urafiki wa bwenini hautakusaidia hapo. La pili ni pesa. Sisi wa wakati wangu tulilipa karo ya 16,000 kwa mwaka bila kujali kozi. Mfumo ulioletwa 2023 unawagawa wanafunzi katika makundi matano kwa hali ya familia, na gharama ya kozi yenyewe inaingia kwenye hesabu. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliuita kinyume cha Katiba, kisha mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo. Kwa hiyo usikubali hesabu ya karo kutoka kwa mtu aliyemaliza 2019. Fungua tovuti uone yako.

Tulifanya nini basi? Tulienda kuona. Chuo kimoja cha karibu, kimoja cha Nairobi, siku za kawaida, Jumanne na Jumatano saa kumi jioni. Siku za maonyesho na mahafali usiende, hata gereza likipakwa rangi linapendeza. Tulikaa kantini. Mpwa wangu hakutaka kuuliza, nikamwambia mimi ni dereva tu leo. Ilimchukua dakika 40 na chai mbili. Hatimaye akamfuata msichana mmoja aliyekuwa na kipakatalishi, akamuuliza kama maabara hufunguliwa Jumamosi. Wakaongea karibu saa nzima. Kwenye chuo kile kingine alizungumza na watu wawili, wote wakamjibu kwa upole, wote wakiwa na haraka. Sitasema kipi ni kipi, siku moja haitoshi kukihukumu chuo.

Usiku tukafanya jambo ambalo wazazi hawalijui na ni la bure: tukaingia GitHub, tukatafuta majina ya vyuo hivyo, tukaangalia wanafunzi wanaandika nini. Usitafute kazi nzuri. Tafuta kazi ambazo hazikuagizwa na mhadhiri. Mchezo wa bao ulioachwa nusu unakwambia mengi kuliko mifumo kumi ya kusimamia maktaba iliyofanana hadi makosa ya tahajia.

Jambo la mwisho nililomweleza dada ni kwamba fomu hii si kaburi. Kila mwaka hufunguliwa dirisha la kuomba uhamisho kwa waliopangiwa mahali pasipowafaa. Ningelijua hilo mwaka wa kwanza, labda ningeepuka zile wiki tatu za mkate. Hapo ndipo alipolainika kidogo, nadhani kwa sababu ya mkate. Hakuwahi kujua.

Fomu ilitumwa Alhamisi saa nne usiku, kwa simu ya dada yangu mwenyewe. Chaguo la kwanza ni sayansi ya kompyuta katika chuo cha msichana wa kantini. Kilikatia pointi tano chini ya alizo nazo. Dada alishika simu muda mrefu kabla ya kubonyeza.

"Na hizi tano je?" akauliza.

"Mama," mtoto akajibu, "tutazipikia muthokoi."