Hidaya Njema Haihitaji Nailoni

Kila ufikapo mwisho wa Desemba, kisiwa cha Manda huwa na shughuli nyingi. Ndege hutua katika uwanja ulioko kisiwani humo, na wageni waliokuja kupitisha Krismasi na Mwaka Mpya huvuka mkono wa bahari kwa mashua kwenda Amu na Shela. Huko Maweni nako, kijiji cha wachimbaji mawe, jamaa waliotoka bara huiadhimisha sikukuu yao kwa kadiri ya uwezo wao. Zawadi hupita kutoka mkono huu hadi mkono ule. Na juu ya zawadi hizo pamezoeleka kitu ambacho mpokeaji hakukiomba wala hatakiweka: karatasi ya kung'aa, utepe wa plastiki na ua la plastiki juu yake.

Krismasi ni sikukuu ya wenyewe, na makala haya hayakukusudia kumfundisha Mwislamu kuisherehekea. Lakini karatasi hiyo ya kung'aa haijui dini. Imo katika Idi zetu, imo katika harusi zetu, na sinia la vitu vya bibi harusi, ambalo zamani lilifunikwa kitambaa kilichotariziwa kwa mkono, siku hizi aghalabu huviringishwa nailoni. Kwa hiyo swali la namna ya kufunga hidaya ni letu sote, jirani wa Maweni na jirani wa Langoni.

SHERIA ILIPOISHIA

Wasomaji watakumbuka kwamba tarehe 28 Agosti 2017 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na adhabu yake ikawa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Zanzibar ilikuwa imekwisha kutangulia kuipiga vita mifuko hiyo miaka mingi kabla, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Hapana shaka kwamba hatua hizo zilisaidia. Lakini marufuku ile ililenga mifuko. Karatasi ya kufungia hidaya si mfuko, na nyingi ya hizo zing'aazo si karatasi hasa, bali ni plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu au fedha.

Njia ya kuitambua ni rahisi. Ifinyange mkononi, kisha ifungue kiganja. Ikibaki imefinyangika, ni karatasi. Ikijinyoosha na kurudi kama ilivyokuwa, ni plastiki, na huenda ikadumu kuliko hidaya yenyewe.

Katika visiwa vyetu jambo hili si dogo. Taka ya kisiwani haina pa kukimbilia: usipoichoma itazagaa, na ikizagaa itaingia baharini au tumboni mwa mnyama. Punda wa Amu, ambao ndio magari yetu, huchokora majaa wakitafuta chakula, na plastiki wanayoimeza huwaziba matumbo na kuwapa maumivu makali. Mji huu una hospitali ya punda tangu mwaka 1987, na waganga wake wanaujua ugonjwa huo vizuri. Ilikuwa pia hapa Lamu, mwaka 2018, iliposhushwa majini jahazi la Flipflopi lililoundwa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, na kupambwa kwa champali chakavu. Mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri hadi Zanzibar kuwaonya watu. Ni aibu iwapo sisi wenyeji wa jahazi hilo tutakuwa wa mwisho kuisikia habari yake.

DESTURI YA JUZI

Wako wanaodhani kwamba zawadi bila karatasi ya maua si zawadi, na kwamba huo ndio mtindo wa tangu na tangu. Sivyo. Hata huko Marekani desturi hiyo ni ya karne moja tu. Mwaka 1917, katika mji wa Kansas City, duka la ndugu Joyce na Rollie Hall liliishiwa na karatasi laini ya kawaida iliyotumika kufungia zawadi za Krismasi. Wakatoa karatasi za mapambo kutoka Ufaransa, zilizokusudiwa kutiwa ndani ya bahasha, wakaziuza badala yake. Watu wakazipapia, na biashara ya kampuni yao, Hallmark, ikapanuka. Tunachojifunza ni kwamba hata walioanzisha mtindo huo walitumia kilichokuwa karibu nao. Sisi tunatumia kilichotoka mbali, na cha kwetu tunakiona duni.

Wajapani nao wana kitambaa cha mraba kiitwacho furoshiki, ambacho hufungia kila kitu, kutoka chakula hadi zawadi. Mwaka 2006 waziri wao wa mazingira, Bi. Yuriko Koike, aliwahimiza wananchi wakirudie ili kupunguza taka. Mtu wa pwani akisikia habari hiyo atatabasamu, kwa kuwa mama zetu wanajua kufunga vitu kwa leso bila kungojea waziri.

VILIVYOKO NYUMBANI

Leso ndiyo ya kwanza. Ikunje katikati ili ikaribie kuwa mraba, weka hidaya katikati, funga pembe mbili zinazoelekeana, kisha funga mbili zilizobaki juu yake. Jina la leso lijitokeze upande wa juu. Lakini lisome kwanza! Majina mengine yametungwa kwa ajili ya vijembe, na utakuwa umempelekea jirani ugomvi ukidhani ni salamu. Ukiwa unatoa doti nzima, leso moja iwe hidaya na ya pili iwe kifungio chake.

Mtu atauliza: je, leso si ghali kuliko karatasi? Ni kweli, ukiihesabu kama kifungio. Ukiihesabu kama sehemu ya hidaya, hapana senti iliyopotea, kwani karatasi huchanwa usiku uleule na leso huvaliwa miaka. Asiye na uwezo wa leso na aende kwa fundi wa cherehani kuomba vipande vilivyobaki. Vipande viwili vya rangi tofauti vikiunganishwa hupendeza sana.

Pili ni ukili. Kikapu kidogo hubeba tende, kahawa au vikombe, na baada ya sikukuu hubeba samaki wa sokoni. Halua ya Unguja na Pemba imejulikana kwa kutiwa katika vikapu vya namna hii. Pesa ya kikapu hubaki kwa mwanamke wa visiwani aliyekisuka, ilhali nyingi ya pesa ya karatasi huenda kwa mtengenezaji wa mbali. Matunda yatiwe katika pakacha la kuti bichi, na badala ya utepe tumia uzi wa katani, kishada cha asumini au kijiti cha rehani. Harufu yake itatangulia kabla hidaya haijafunguliwa.

Tatu ni magazeti ya zamani na karatasi safi ya kaki. Hapa pana mambo mawili ya kuangalia. Chakula kisigusane na wino. Na gazeti lenye aya ya Kurani, jina la Mwenyezi Mungu au makala ya dini lisifungiwe kitu, kwa sababu mwisho wake ni kutupwa chini na kukanyagwa.

MACHO YA WATU

Kizuizi kikubwa, hata hivyo, si pesa wala ufundi. Ni kuogopa kusemwa. Wako wanaojiepusha na harusi ya jamaa kwa sababu hidaya yao haing'ai, na wako wanaotumia kwenye karatasi fedha ambazo zingeongeza kilo ya sukari ndani yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alihimiza kupeana hidaya ili mapenzi yakue, na akakataza jirani kudharau hidaya ya jirani yake hata ikiwa ni kwato ya kondoo. Hakutaja kifungio. Wahenga nao walimaliza: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kinachohitajika ni watu wachache wa kuanza. Mama wa harusi mmoja akifunika masinia yake kwa leso na vitambaa vya kutariziwa, wa mtaa wa pili ataiga. Mwenye duka akiweka vikapu vya ukili kando ya karatasi zake, mgeni anayeondoka kwa ndege ya Manda atavinunua.

Kisiwani humo humo yako magofu ya Takwa, mji ulioachwa na watu wake yapata miaka mia tatu iliyopita. Walituachia msikiti, kaburi la mnara, kuta za mawe na vigae vya vyombo vyao. Si vizuri watakaokuja kutafuta athari zetu sisi wakute nailoni ya rangi ya dhahabu.