Nusu Siku Maskati, na Haki ya Shangazi



Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Kwa wiki kadhaa sasa baadhi ya mama zetu wamekuwa wakinikumbusha ahadi yangu ya kuwasimulia safari ya Maskati, mji tulioupitia mimi na mama watoto tulipokuwa tukirejea kutoka Umra. Ahadi ni deni. Nimechelewa kuilipa kwa kuwa ndani ya safari ile mna jambo linalonihusu mwenyewe, wala halinipambi. Mama watoto aliponiona nimeikalia kalamu aliniambia, "Shekhe, ukisimulia taa na mazulia ukaliacha lile, utakuwa umesimulia nusu." Basi nasimulia yote, na wahusika wameniridhia.

Tulifikia kwa mpwa wangu afanyaye kazi kule. Siku ile alikuwa kazini, hivyo akatulipia matembezi ya nusu siku pamoja na wageni wengine, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Ndani ya basi dogo tulikuwa watu tisa: Wajerumani wanne, familia ya Kihindi ya watu watatu, na sisi wawili. Mwongozaji alikuwa kijana wa Kiomani mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kufuma. Aliposikia namwambia mama watoto afunge mkanda, aligeuka akasema, "Shikamoo, babu. Nyanya yangu kazaliwa Unguja." Kiswahili chake kilikuwa safi. Wako wengi kama yeye Maskati, watoto na wajukuu wa walioondoka pwani yetu baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na waliorejea Oman baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita walio nje warudi kuijenga nchi.

Kituo cha kwanza kilikuwa Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Ujenzi wake ulianza 1995 ukafunguliwa 2001. Una minara mitano, kama nguzo za Uislamu, na ule mkubwa una urefu wa mita 90. Wasiokuwa Waislamu huruhusiwa kuuzuru asubuhi, isipokuwa Ijumaa, kwa sharti la mavazi ya stara. Bibi mmoja wa Kijerumani alikuwa amesahau kitambaa cha kichwa, akasimama mlangoni uso umemshuka. Mama watoto hakungoja mtu amwambie. Alitoa mtandio wa akiba mkobani, akamfunga kwa mikono yake kama anayemfunga binti yake siku ya khitma. Bibi yule hakujua neno la Kiswahili wala mama watoto hakujua la Kijerumani, lakini tangu hapo walitembea pamoja.

Ndani ya ukumbi mkuu wa swala, wenye nafasi ya watu zaidi ya 6,500, inaning'inia taa ya fuwele yenye kimo cha mita 14 na balbu 1,122. Chini yake limetandikwa zulia moja lenye uzito wa tani 21, lililofumwa kwa mkono Iran. Mwongozaji alieleza kuwa lina mafundo bilioni 1.7, na kwamba wanawake 600 walilifuma kwa miaka 4. Wageni wote walitazama juu kwenye taa. Mama watoto aliinama akatazama zulia, kisha akauliza, "Hao wanawake mia sita, majina yao yameandikwa wapi?"

Kijana alicheka kidogo, akanyamaza. Nami nilicheka. Sikujua kuwa swali lile lilikuwa linakuja kwangu.

Nilimwomba mwongozaji nafasi ya rakaa mbili za kuuamkia msikiti. Alitazama saa yake akasema, "Dakika tano, babu, nami nitaswali nawe." Tukasimama bega kwa bega, mimi Mshafii mikono kifuani, yeye Muibadhi mikono imenyooka pembeni. Hapana aliyemuuliza mwenziwe neno. Natamani vijana wetu wanaogombana misikitini kwa mambo ya mikono wangalituona.

Saa 4 kasorobo tulishuka Matrah. Mji huu ndio bandari ya kale, na barabara yake ya ufukoni imepindana na ghuba. Majumba meupe upande mmoja, majahazi na meli upande wa pili, na milima ya mawe matupu nyuma. Mwongozaji alitupa saa moja ya kuzunguka sokoni. Vichochoro vyake ni vyembamba na vimeezekwa, hata mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa hajihisi mgeni. Harufu ya ubani inakupokea kabla hujaona duka. Ubani bora hutoka Dhofar, kusini mwa Oman: mti huchanjwa gome, utomvu ukatoka na kuganda, kisha hukusanywa na kuchambuliwa. Ule mweupe unaoelekea ukijani ndio wa bei ya juu. Nilikuwa nimeshachagua chetezo cha udongo ninapatana bei, mama watoto akanishika mkono wa kanzu.

"Acha hicho chetezo. Kuna mtu anatungoja ufukoni."

"Nani?"

"Shangazi yako."

Ndugu msomaji, hapa yanipasa nirudi nyuma. Babu yangu, mzaa baba, aliacha nyumba Mji wa Kale. Bibi yetu alikuwa ametangulia kufa, na warithi walikuwa wana wawili wa kiume, yaani baba yangu na ami yangu, na binti mmoja. Binti huyo alikuwa amekwisha kuolewa na Muomani na kuhamia Maskati. Hesabu ya mirathi hiyo naifundisha kila mwaka darasani, na mtoto wa miaka 14 huijibu bila karatasi: mafungu matano, kila mwana mawili, binti moja. Lakini nyumba ilipouzwa katika miaka ya 1980, ndugu wawili waligawana nusu kwa nusu. Dada yao alipoandika barua kuuliza, alijibiwa kuwa yuko nchi ya mafuta, ana mume mwenye nafasi, atakitaka nini kifungu cha nyumba ya mawe? Hakuandika tena. Watu wakasema, "Amesamehe." Baba akafa, ami akafa, nasi watoto tukarithi vilivyobaki. Mimi nilikuwa mwalimu wa mirathi nikajua, na nikanyamaza kwa kuwa mwenye haki yuko mbali na waliomdhulumu walikuwa wakubwa zangu. Nilipompigia simu Idi, nilimpigia kwa dakika mbili. Mwisho nikaacha.

Mama watoto hakuacha. Bila kuniambia, alikuwa akipelekeana naye ujumbe wa sauti kwa miaka. Alimweleza habari za watoto, akamsomea majina ya waliofariki mtaani, akamwuliza jinsi ya kupika halwa. Kamba ya udugu iliyokatika mikononi mwangu, yeye aliishika upande wa pili.

Tulimkuta kwenye benchi lenye kivuli, mjukuu wake kasimama nyuma. Umri wake unakaribia miaka 80. Nilimbusu mkono na kichwa. Alinitazama sana, akasema, "Una pua ya kaka yangu." Kisha akauliza, "Ule mlango wetu wa nakshi bado uko?"

Nilimwambia mlango uliuzwa pamoja na nyumba, na mwenye nyumba wa sasa ameutoa. Akaitikia kwa kichwa, akatazama bahari. Hapo ulimi wangu, uliozoea mimbari, ulikuwa mzito kama wa mwanafunzi asiyehifadhi. Nikasema, "Shangazi, fungu lako hukupewa. Nilijua. Nimekuja kukiri."

Nilitaraji aseme maneno ambayo wazee wetu wa kike huyasema: yameshapita, mwanangu, nimesamehe. Nakiri zaidi kwamba niliyatamani. Akasema hivi:

"Sitakusamehe, mwanangu. Nikisamehe leo, watoto wenu watahadithiana kuwa shangazi hakuwa na haki, aliona haya tu akanyamaza. Nipeni kilicho changu. Kikishafika mkononi mwangu, mimi ndiye nitakayejua nikirudishe, nikitoe sadaka au nikile."

Kisha akafungua mkebe, akatupa halwa na tende, akamwagia kahawa, na akaanza kumwuliza mama watoto habari za mwanetu wa mwisho kana kwamba hakusema lolote. Tulikaa hadi honi ya basi ilipolia. Tulichelewa dakika kumi na mbili. Wahindi walinuna, na yule bibi wa Kijerumani alipomwona mama watoto analia akamshika mkono njia nzima.

Kituo cha mwisho kilikuwa Maskati ya kale, penye Kasri la Al Alam na ngome mbili zinazolinda ghuba, Al Jalali na Al Mirani. Mwongozaji alieleza kuwa Wareno waliuteka mji mwaka 1507, wakazijenga ngome zile katika miaka ya 1580, na wakafukuzwa 1650. Wasomaji wa Mombasa mnaujua mwendelezo wake. Wareno haohao walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Bibi mmoja aliuliza, "Watu walivumiliaje miaka yote ile?" Mimi sikusikia jibu. Nilikuwa nikifanya hesabu ya miaka mingine.

Nirejee sasa katika lililo wajibu wangu kwenu. Deni la maiti hutangulia mirathi. Baba yangu na ami walichukua kila mmoja mafungu mawili na nusu badala ya mawili, kwa hiyo nusu ya fungu ilikuwa ya dada yao mkononi mwa kila mmoja. Walipokufa, nusu zile zilikuwa deni, na sisi tuliokirithi kilichobaki kabla ya kulilipa tulirithi na cha mwenyewe ndani yake. Niliporudi Mombasa niliwaita ndugu zangu na watoto wa ami. Hawakufurahi wote, na mmoja aliniuliza mbona sikusema miaka yote hiyo. Sikuwa na jibu. Shilingi ya wakati ule si shilingi ya leo, na wanavyuoni wana maneno mengi katika mas'ala hayo. Sisi tuliridhiana kukadiria kwa bei ya sasa ya nyumba ya mtaa uleule, tukatoa moja ya tano, kila upande nusu yake. Sehemu ya kwanza imekwisha kumfikia. Iliyobaki tutaimaliza kwa miezi kumi, inshaallah. Shangazi alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Imefika. Sasa nipigie simu bila kuogopa."

Mama zangu na dada zangu, yamkini wapo miongoni mwenu wenye fungu kama lile. Kunyamaza kwa mwanamke kwa ajili ya haya hakuhesabiwi msamaha, na kudai kilichogawiwa na Mola wako si utovu wa adabu. Na nyinyi wanaume, msingoje dada zenu wazeeke ndipo mkae nao kwenye benchi la mji wa watu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa muunga udugu wa kweli ni yule anayeunga pale alipokatwa. Sasa fikirini hali ya aliyekata mwenyewe.

Ama walionuia kuzuru Maskati, nawausia machache. Tokeni mapema kabla jua halijawa kali, na mbebe maji. Akina mama wachukue mtandio wa ziada, kwani hamjui mtamstiri nani. Mwulizeni mwongozaji tangu mwanzo kila kituo ni muda gani, na mpange swala zenu kwa hesabu hiyo. Sokoni pataneni bei kwa upole, kwani muuzaji huenda akawa jirani yenu wa zamani. Na kabla hamjapanda basi la kutazama misikiti na ngome, ulizeni kwanza katika mji ule mna jamaa gani, na ni nini baina yenu na wao.

Chetezo sikununua. Shangazi ametuletea chake kwa mkono wa msafiri, na leo alfajiri mama watoto amefukiza ubani chumba kizima.

Allah atuwafikie kurejesha amana kwa wenyewe, na awarehemu wazee wetu waliotangulia, awasamehe waliyokosea. Amin.

Wabillahi tawfiq.