Jifunze Kuendesha Kwanza, Pikipiki Baadaye

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo



Kila juma watu huja ofisini kwetu kuuliza habari za mbegu, mbolea na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Siku hizi, wakiisha kujibiwa hayo, wengi huniuliza neno jingine: "Karani, nimepata pikipiki kuukuu kwa bei nzuri. Je, niinunue?" Nami huwauliza, "Je, wajua kuendesha?" Hucheka, kisha husema, "Nitajifunza nikiisha kuwa nayo."

Hapo ndipo tunapoachana. Maoni yangu ni kwamba mtu asiyejua kuendesha asinunue pikipiki iliyokwisha tumika, hata kama bei yake ni ya kutamanisha namna gani. Ajifunze kwanza, anunue baadaye. Najua kwamba desturi yetu ni kinyume cha hayo, na ndiyo sababu naandika.

Sisemi kwamba pikipiki haina faida. Mashamba yetu ya skimu yalianza kukatwa mwaka 1962, na mengi yako mbali na barabara kubwa. Maziwa hayangoji, lazima yafike mahali pa kukusanyia asubuhi na mapema. Mgonjwa naye hangoji. Punda ametusaidia sana, lakini ni mpole wa mwendo. Mkulima akitaka pikipiki, ana haki. Ninalogombea mimi ni utaratibu wa kuipata.

Mfano wa ng'ombe

Fikiri juu ya ng'ombe wa maziwa. Hakuna mkulima mwenye akili anayemnunua kwa kutazama pembe na rangi tu. Humkamua kwa mikono yake mwenyewe. Hushika kila chuchu, akajua ipi ngumu na ipi haitoi. Tena twajua hila ya wauzaji: ng'ombe huachwa bila kukamuliwa tangu jana, ili kiwele kionekane kimejaa siku ya mnada. Asiyejua kukamua hudanganyika, na anayejua hutambua.

Pikipiki nayo ni hivyo hivyo. Mwuzaji mwenye hila huipasha moto kabla hujafika, ili iwake kwa kiki moja. Huipaka rangi mpya na kuishonea kiti kipya. Lakini makosa makubwa ya pikipiki hayako kwenye rangi. Mengi huyasikia mtu aliyeketi juu yake na kuiendesha. Basi asiyejua kuendesha atayasikiaje?

Yaliyonipata mimi

Sisemi haya kwa kusikia. Mwaka 2019 nilinunua pikipiki yangu ya kwanza kwa shilingi 65,000. Ilikuwa ya buluu, inang'aa, na ilipopigwa kiki iliitika mara moja. Kwa kuwa sikujua kuendesha, rafiki wa mwuzaji alipanda akazunguka uwanja mara mbili mbele yangu. Nikaridhika. Yeye aliyekuwa akiijaribu ndiye aliyetaka iuzwe!

Kesho yake asubuhi, katika baridi yetu ya Kinangop, niliipiga kiki mpaka nikavua koti kwa jasho. Ilipowaka ikatoa moshi kama jiko la kuni. Nikavumilia, nikaanza kujifunza. Kila nilipoongeza mwendo ilinivuta kushoto. Nami nilidhani ni ujinga wangu wa mwanafunzi, nikajilaumu, nikazidi kukaza mikono. Siku moja karibu na daraja dogo ikanivuta tena, nikaanguka, nikavunjika mfupa wa bega.

Baadaye mtu mwenye ujuzi aliipanda, hakufika hata robo maili. Akarudi akaniambia, "Karani, si wewe. Uma wa mbele umepinda." Kumbe pikipiki ile ilikwisha gongwa. Kwa muda wa miezi miwili sikuweza kukamua, nikamlipa mtu wa kunikamulia. Mwalimu huweza kusahihisha mwanafunzi, lakini mwanafunzi anayejifunzia kwenye chombo kibovu hawezi kujua kosa ni lake au ni la chombo. Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote.

Utajifunza wapi?

Mtu ataniuliza, "Nitajifunzaje bila pikipiki?" Ni swali la haki. Kuna shule za udereva katika miji mingi ya wilaya zetu za zamani za skimu, na wengi wao hufundisha pikipiki. Utatakiwa kupata leseni ya muda ya kujifunzia, kisha kufanya mtihani. Wengine huona ada kuwa kubwa. Ilinganishe na bei ya bega lililovunjika.

Ukiisha kuwa na leseni ya kujifunzia na kujua misingi, zoeza mwili. Anza mahali palipo wazi na pakavu. Jifunze kusimama kabla ya kujifunza kukimbia. Usipakie kitu mpaka mikono imezoea. Siku ya kwanza kupakia, anza na mzigo mdogo, uufunge chini na uugawe sawa pande zote mbili. Mkebe wa maziwa uliojaa nusu ni mbaya, kwa maana maziwa huyumba ndani na kukuyumbisha nawe. Na mvua ikinyesha juu ya udongo mweusi, kumbuka kwamba punda akiona utelezi husimama mwenyewe. Pikipiki haisimami mpaka umeisimamisha.

Mwingine atasema, "Fedha nikizikalisha zitaliwa." Ziweke katika chama chenu cha akiba mpaka umehitimu. Pikipiki kuukuu hazitakwisha duniani.

Ipi yamfaa anayeanza?

Usichague kwa fahari. Keti juu yake: nyayo zako zote mbili zifike chini. Ikiwa wasimama kwa ncha za vidole, siku ya matope itakuangusha. Isukume kwa mkono kwenye mlima mdogo. Kama huwezi ukiwa umesimama, hutaweza ukiwa umekwama. Kwa mkulima wengi wetu, injini ya ukubwa wa sisi 100 hadi 150 yatosha kwa mkebe wa maziwa au gunia la chakula cha ng'ombe. Tena chagua aina ambayo fundi wa sokoni kwenu aijua na vipuri vyake vinapatikana karibu, kama Boxer au TVS. Pikipiki ya ajabu isiyo na vipuri ni pambo la uani. Akina mama wanaopeleka maziwa nao wasikubali kuambiwa kwamba pikipiki ni ya wanaume. Waangalie tu kwamba kifuniko cha cheni kipo, ili nguo isinaswe.

Siku ya kwenda kuiangalia

Nenda asubuhi, tena mchana usiwe wa mvua, kwa sababu maji huficha mafuta yanayovuja. Mwambie mwuzaji mapema asiiwashe. Ukifika, karibisha kiganja kwenye injini. Ikiwa moto, sema utarudi kesho. Ukienda na fundi, awe fundi wako, umlipe wewe.

Kabla ya kuiwasha, tazama mambo haya. Ishike cheni nyuma kabisa ya gurudumu lake la meno, uivute. Ikiinuka hata jino likaonekana nusu, cheni imekwisha. Na meno yakichongoka kama ndoana, nayo yamekwisha. Inua gurudumu la mbele, ugeuze usukani polepole. Ukinata katikati, beringi za shingo zimeliwa. Tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia, lisicheze. Gonga kila spoki kwa spana ndogo: iliyolegea hutoa sauti ya chini kuliko wenzake. Tazama shingoni, na chini ya kiti karibu na keria, kama pana alama za kuchomelea. Pikipiki iliyobeba mizigo mizito kwa miaka mingi huvunjikia hapo. Simama mbele yake hatua kumi, utazame kama magurudumu yako katika mstari mmoja. Laiti ningalifanya hilo moja tu mwaka 2019!

Usiamini sana tarakimu za mwendo. Waya wake hukatika, na wengine huuondoa kwa makusudi. Tazama mpira wa kukanyagia na ule wa gia. Ukiwa umelika hadi chuma, pikipiki imekwenda mbali.

Sasa iwashe. Moshi wa buluu usiokwisha maana yake injini inakula oili, na kazi hiyo ni ya gharama. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, nao mara nyingi hurekebishwa kwa urahisi. Mvuke mweupe kidogo katika baridi ya asubuhi usikutishe.

Kisha ipande wewe mwenyewe. Pitisha gia zote. Ukiongeza mafuta na injini ikalia lakini mwendo usiongezeke, klachi imekwisha. Kanyaga breki, isivute upande. Mahali pasipo watu, legeza mikono kidogo bila kuiachilia, uone kama inakwenda sawa. Hapo ndipo ada yako ya shule ya udereva inaporudi mfukoni.

Karatasi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jirani yangu mmoja aliuza mtamba mwenye mimba, akanunua pikipiki kwa kijana aliyekuwa akibebea abiria. Pikipiki ilikuwa nzima kabisa. Mwezi wa tatu, watu walikuja wakamkuta kwenye mahali pa kukusanyia maziwa, wakaichukua mbele ya watu wote. Kumbe kijana aliichukua kwa mkopo na hakumaliza kulipa, na jina la waliomkopesha lilikuwa katika logibuku. Jirani yangu alirudi nyumbani kwa miguu na mkebe mtupu begani. Mtamba amekwenda, na pikipiki imekwenda.

Basi, fanya hivi. Taka kuona logibuku yenyewe, si picha yake. Jina liwe la huyo anayekuuzia, nawe uone kitambulisho chake. Linganisha namba iliyochongwa kwenye shingo ya fremu, na ile ya injini, na zilizoandikwa, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyokwaruzwa ni ishara ya wizi, ondoka. Kwa njia ya NTSA waweza kutafuta kumbukumbu za pikipiki ukajua mwenyewe ni nani. Kubadilisha jina nako hufanywa huko: mwuzaji huanzisha kwa akaunti yake, nawe hukubali kwa akaunti yako. Usitoe fedha zote kabla hajaanzisha. Akikuambia, "Tutabadilisha jina mwezi ujao," mjibu kwamba nawe utalipa mwezi ujao.

Usimalize fedha zote

Neno la mwisho ni juu ya fedha. Tuseme unazo shilingi 80,000. Usitafute pikipiki ya shilingi 80,000. Tafuta ya 60,000, ubaki na 20,000. Kuna bima, ambayo sheria yaidai hata ikiwa ni ya kumlinda mtu wa tatu tu. Kuna helmeti na koti la kung'aa, ambavyo sheria yavidai pia. Kuna oili, na karibu kila pikipiki kuukuu huomba cheni au tairi katika miezi ya kwanza. Helmeti usinunue iliyotumika, kwa kuwa ikiisha kugongwa haina nguvu tena, ingawa kwa nje yaonekana nzima.

Nawe usiuze ng'ombe anayekamuliwa ili ununue chombo cha kubebea maziwa. Nimeona watu wakifanya hivyo, na sijui wabebe nini.

Pikipiki niliyo nayo leo niliinunua baada ya kupata leseni. Haing'ai. Niliiendesha kabla ya kuilipia, nikakataa mbili nyingine siku hiyo hiyo, moja kwa sababu ya klachi na moja kwa sababu ya jina katika logibuku. Wauzaji walikasirika kidogo. Bega langu halikukasirika.

Basi, mkulima mwenzangu, ukija ofisini mwezi ujao ukiniuliza, "Karani, niinunue?" nitakuuliza swali lile lile. Natumaini utanionyesha leseni.