Wazazi, kusomea afya si kusomea udaktari tu

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba nyingi za parokia yetu hujaa furaha. Baada ya siku chache furaha hiyo hugeuka kuwa ugomvi, nami ugomvi huo ninaujua kwa sababu huletwa mlangoni kwangu. Mtoto amefaulu masomo ya sayansi. Ukoo mzima umekuwa ukimwita "daktari" tangu alipokuwa kidato cha pili. Sasa nafasi aliyopata ni ya afya ya mazingira, au lishe, au maabara, au uuguzi, na wazazi wananijia kwa sauti ya watu waliofiwa kuniuliza kama hakuna njia ya kubadilisha.

Mwaka juzi alikuja jirani yangu, mkulima wa kahawa, mtu mwema na mchapakazi. Binti yake alikuwa amechaguliwa kusomea shahada ya sayansi ya afya ya mazingira katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam. Kumbe binti mwenyewe ndiye aliyeiweka kozi hiyo kuwa ya kwanza katika maombi yake, bila kumwambia baba. "Mama muuguzi," mzee akaniambia, "nimeuza kahawa miaka yote hii ili mtoto wangu aje kuwa bwana afya, akague vyoo vya watu?"

Naomba niseme ukweli. Nilicheka. Sikumtetea yule binti hata kidogo. Nilimwambia baba yake kwamba akirudia mtihani huenda akapata udaktari. Basi fomu ya mkopo haikujazwa, nafasi ikapotea, mtihani wa pili haukuleta alama bora kuliko za kwanza, na binti yupo nyumbani hadi leo akichambua maharage. Ninaandika haya kwa sababu nilikosea, na kosa langu limemgharimu mtoto wa mwenzangu miaka miwili.

Aliyenifungua macho ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeletwa hospitalini kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Hakuwa anasomea udaktari, kwa hiyo wengi wetu hatukujua tumpe kazi gani. Akaomba vitabu vya MTUHA. Wauguzi wanaosoma ukurasa huu watatabasamu, maana tunavijaza vitabu hivyo kila siku, usiku tukiwa na usingizi, halafu tunapeleka taarifa wilayani na kusahau. Yule kijana alikaa navyo siku nne. Siku ya tano aliniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya wodi ya watoto sikuwahi kujiuliza: kwa nini watoto wengi kiasi hiki wenye kuharisha wanatoka kitongoji kimoja?

Mimi niliwajua wale watoto kwa majina. Nilijua mshipa upi wa mkono unapatikana kwa urahisi na mama yupi hulia. Lakini kitanda kwa kitanda, sikuona kitongoji. Tulikwenda naye. Chemchemi waliyokuwa wakichota maji ilikuwa chini ya mteremko, na juu yake palikuwa na vyoo vya shimo vya kilabu cha pombe. Sitawadanganya kwamba mambo yalikwisha siku hiyo. Mwenye kilabu alikasirika, mkutano wa kijiji uliahirishwa mara mbili, na kijana wetu alipopewa nafasi ya kusema alichanganya maneno ya darasani hata wazee wakamwomba arudie kwa Kiswahili. (Hili ni neno langu kwa walimu wa vyuo vikuu: mfundisheni mwanafunzi kuongea na mama mwenye mtoto mgongoni.) Vyoo vilihamishwa baada ya miezi mingi. Watoto wa kuharisha bado tunawapokea, lakini kutoka kitongoji kile wamepungua, nami ninajua kwa sababu siku hizi ninavisoma vitabu ninavyovijaza.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka wazazi waielewe. Daktari na muuguzi wanamhudumia mtu aliyekwisha kuugua. Aliyesomea afya ya jamii anatafuta sababu iliyowafanya watu waugue. Anasoma epidemiolojia, yaani jinsi ugonjwa unavyosambaa kati ya watu. Anasoma takwimu, wadudu wanaoeneza magonjwa, maji na usafi, usalama kazini, tabia za watu, na jinsi fedha za afya zinavyogawanywa. Hiki si kisomo chepesi kwa walioshindwa. Mimi mwenye stashahada ya uuguzi ninakiri kwamba somo la takwimu lingenitoa jasho.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa njia ya redio. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sikumbuki kitu, ila mama yangu alikuwa akituonyesha nyuma ya migomba mahali ambapo baba alichimba choo chake cha kwanza mwaka ule. Hakuna daktari aliyefika pale. Watu walioandaa vipindi vile walijua kinachoua watoto na walijua namna ya kuzungumza na mkulima.

Sisi wauguzi nasi tunamheshimu Florence Nightingale kwa taa yake, tukasahau hesabu zake. Katika vita vya Crimea aliona askari wengi zaidi wakifa kwa magonjwa kuliko kwa majeraha. Mwaka 1855 tume ya usafi ilipofika Scutari, ikasafisha mitaro ya maji machafu na kuingiza hewa wodini, vifo vilipungua sana. Aliporudi Uingereza alichora vifo hivyo katika michoro yake maarufu ya mwaka 1858, ili wakubwa wasioweza kumaliza kurasa za tarakimu waone kwa macho. Kwa hiyo mwuguzi mashuhuri kuliko wote alikuwa pia mtu wa afya ya jamii.

Nisije nikaonekana ninasimulia mambo ya kale tu. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Waliougua walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki, akiwemo mtumishi wa afya. Hapakuwa na chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa. Kilichouzuia ugonjwa ule usifike kwako na kwangu ni watu waliotafuta kila aliyekutana na wagonjwa na kuwafuatilia kwa siku 21, na tarehe 2 Juni mwaka huohuo ukatangazwa kuwa umekwisha. Wako waliofunzwa kazi hiyo hapahapa nchini. Wizara ya Afya na Muhimbili walianzisha mafunzo ya wapelelezi wa magonjwa mwaka 2008. Mzazi wa mmoja wao huenda naye alilia alipokosa mtoto daktari.

Najua mtaniuliza kuhusu ajira, na mna haki. Nawafahamu vijana wenye shahada ambao wanajitolea katika zahanati wakisubiri kuajiriwa, wengine mwaka wa pili sasa. Sitawaahidi kazi. Lakini madaktari vijana nao wamo katika foleni hiyohiyo, kwa hiyo hoja ya ajira haimpi mzazi sababu ya kumlazimisha mtoto udaktari. Tena udaktari ni miaka 5 pamoja na mwaka wa utarajali, wakati shahada ya afya ya mazingira ni miaka 3. Mzazi mwenye wadogo zake nyumbani apige hesabu hiyo kwa utulivu.

Maoni yangu mengine, ambayo wasomi huenda wasiyapende: anayeweza aanzie chini. Kijana aliyesoma stashahada, akafanya kazi zahanati miaka michache, kisha akaenda chuo kikuu, huwa anajua swali analotafutia jibu. Shahada ya uzamili ya afya ya jamii hasa ningependa iwe ya watu waliokwisha kunyeshewa mvua wakienda kliniki ya mkoba. Wauguzi wenzangu vijana, Muhimbili ipo, Bugando ipo, KCMC ipo, msikubali kuambiwa kwamba stashahada ndiyo mwisho wa safari. Mimi niliambiwa hivyo nikaamini.

Kwa wanaoomba vyuo, hakikisheni chuo na kozi vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na kwa stashahada ulizeni NACTVET. Msitoe fedha kwa mtu aliyekutana nanyi stendi. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, na fomu inahitaji mdhamini. Pia inahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na hapa ndipo familia zetu nyingi hukwama. Tunatunza cheti cha ubatizo kwa uangalifu mkubwa, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku, lakini cha kuzaliwa hatukuwahi kukifuata. Cheti cha ubatizo hakitoshi. Msingoje matokeo yatoke ndipo mwanze kukimbia.

Jumapili iliyopita yule jirani alinisubiri nje ya kanisa. Hakutaja ugomvi wa zamani, wala mimi sikuutaja. Aliniuliza tu kama kozi ile ya vyoo bado ipo, na ni miaka mingapi. Nikamwambia mitatu. Akanyamaza, kisha akasema binti hana cheti cha kuzaliwa. Nikamwomba msamaha kwa lile nililomwambia mwaka juzi, naye akasema tulikuwa wawili. Kesho nina zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi nitakuwa huru. Tumepatana kuondoka na basi la saa 12, sisi watatu, kwenda wilayani.