Mwambieni Mama Ukweli

Enyi vijana wa Nairobi, mara ya mwisho mlipompigia mama simu mlimwambia nini? Macho hayana pazia, na masikio vilevile. Jioni pale steji ya Kangemi mimi husikia kijana akishuka matatu ya mjini, simu sikioni: "Mathe, niko sawa, kazi iko poa." Kazi yenyewe iliisha zamani, na mwenye ploti ametishia kumfungia mlango. Kisha anakata upesi, mama asije akauliza la pili.

Mtasema mnaficha kwa huruma. Mzee ana presha, ng'ombe aliuzwa ukalipiwa karo. Utaanzaje kusema kwamba cheti kimelala chini ya godoro? Nakubali, huruma imo. Ila aibu imeizidi. Simu tumeigeuza dirisha la M-Pesa: mwenye cha kutuma hupiga, asiye nacho hunyamaza, na huko nyumbani mzazi anadhani amesahauliwa.

Basi, kama mnahofia mama hataubeba ukweli, piteni Uhuru Park, pale Freedom Corner. Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi hapo pamoja na Wangari Maathai, wakagoma kula wakidai wana wao waachiliwe. Machi 3 polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya machozi. Baadhi yao wakavua nguo mbele ya askari, laana nzito kuliko rungu lolote. Wakahamia kanisa kuu la All Saints lililo jirani, wakakaa humo karibu mwaka mzima, mpaka mapema 1993 karibu wafungwa wote wakawa wametoka. Na waliokuwa wakililiwa hawakuwa watoto. Koigi wa Wamwere, ambaye mama yake Monica alikuwa miongoni mwa wagomaji, alikuwa amevuka miaka 40.

Mama wa namna hiyo ndiye mnayedhani atazimia akisikia habari ya kodi?

Nanyi wazazi msicheke. Kijana akijikaza akasema kweli, akajibiwa kwamba mtoto wa jirani tayari ameezeka mabati, hatasema tena. Msikilizeni kwanza, ya jirani yatangoja.

Leo jioni foleni ya Waiyaki Way itawashika Westlands, nanyi mtakuwa na nusu saa ya bure. Pigeni. Na lile neno "niko sawa" liacheni mfukoni.