Michezo Isiwe Badala ya Masomo

Huko Marekani, kijana wa sekondari aliye hodari katika kandanda ya Kimarekani huweza kuahidiwa na chuo kikuu kulipiwa masomo. Lakini ahadi ya mdomo haikifungi chuo. Kano ya goti ikikatika, kupona huchukua miezi 9 hivi, na nafasi yake huenda akapewa mwingine. Hata kwa waliokwisha kuingia chuoni, tangu 1973 hadi 2012 kanuni ziliruhusu ufadhili wa mwaka mmoja mmoja tu.

Hatupingi michezo, twaifundisha. Twapinga kumwachia hodari wa uwanjani apuuze kusoma na hesabu. Goti likiumia, mwenye maarifa hubaki na njia. Asiye nayo atashika nini? Basi, mwalimu mwanafunzi, daftari la mchezaji wako bora lisahihishe sawasawa na la wenzake.